Hema la Peke Yangu

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Birmingham, tulitangaziwa kuwa wanafunzi wote wa jiografia tutakwenda kupiga kambi milimani, Wales. Wenzangu wakaanza kuulizana habari za viatu na makoti ya mvua. Mie nilikuwa na suali moja tu, na sikuwa na wa kumuuliza: nitajisafisha vipi?

Mwalimu alikuwa ameeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba pale tutakapokaa hapana choo wala bafu. Kila mtu atakuja na karatasi zake, na kutakuwa na sepetu ndogo ya kuchimbia shimo. Darasa zima lilicheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikutaka kuonekana nimenyamaza, lakini kichwani nilikuwa nahesabu siku zangu za mwezi, na zilikuwa zinaangukia humo humo.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye fleti moja mtaa wa Newtown, hapo hapo Birmingham. Niliyeishi naye alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Siku nyingi nilijua yupo kwa kusikia tu maji yakimwagika bafuni. Hatukuwa tumegombana, ila tulikuwa hatuonani tu.

Jumamosi nikapanda basi hadi Alum Rock, kwenye duka lililouza vyombo vya nyumbani na lenye vibanda vya simu nyuma. Nikampigia mama, Zanzibar.

"Choo cha huko kipoje?" akauliza.

"Hakuna choo, mama. Tutachimba shimo."

"Umetoka kwetu kwenda Ulaya, mwanangu, ukachimbe shimo?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona kwamba machozi hayakomi. Nikamwambia simu inakatika.

Nilipotoka kibandani, mwanamke wa dukani alikuwa amesimama karibu na mabeseni. Alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi, na hakujifanya kwamba hakusikia.

"Dadangu, unatafuta kopo?"

"Ndiyo, dada. La kwenda nalo kambini."

"Kopo utabebaje huko mlimani? Kila mtu atakuangalia." Akanivuta kwa mkono hadi rafu nyingine, akanipa chupa ya plastiki ya kufinya, ile ya waendesha baiskeli. "Hii hapa. Ukitembea nayo watajua ni maji ya kunywa. Na pedi ubebe nyingi, usibebe kidogo. Na mifuko nyeusi ya kuweka zile umetumia, kwa sababu huko huwezi kutupa ovyo."

Aliyasema yote hayo kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika wali. Nilitamani kubaki pale zaidi, lakini wateja waliingia, na sikujua niseme nini ili nibaki.

Jioni ile nilijifanyia mtihani. Nilisimama ndani ya bafu na chupa moja tu ya maji, nione kama inatosha. Mara ya kwanza maji yaliisha nikiwa bado na povu. Mara ya pili yakatosha. Nilifurahi sana, nikageuka kama vile kuna mtu wa kumwambia.

Basi letu liliondokea kituo cha Digbeth. Kule milimani tulikuta upepo na mvua ya manyunyu. Tukaambiwa tugawane mahema wawili wawili, na kila msichana alikuwa na mwenzake tayari. Nikabaki mimi.

"Una bahati," mwalimu akasema, akinikabidhi hema. "Nafasi yote ni yako."

Na kweli ilinifaa. Niliweza kujifunga kanga na kujipangusa bila ya haraka. Niliswali nimekaa, maana hema lilikuwa fupi, mpaka siku zangu zilipoingia. Lakini wenzangu walipokuwa wanachekea mahemani mwao, kila neno lilinifikia, na sikuwa na wa kumgeukia nikamuuliza wanacheka nini.

Asubuhi moja nikasikia sauti nje. "Umeamka?"

Alikuwa msichana mrefu ambaye darasani hukaa mbele yangu. Uso ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake.

"Nimepatwa na siku zangu ghafla," akasema kwa sauti ya chini. "Nimewauliza wenzangu, hakuna aliyekuja na chochote. Nikaona labda wewe."

Nikampa pedi, mfuko mweusi na chupa iliyojaa maji, nikamwonyesha namna ya kuifinya. Kisha nikatoka, nikasimama mlangoni nimempa mgongo, mvua ikininyeshea, asije mtu. Aliponiita nikaingia. Tulikaa tumekunja magoti, tukala biskuti zangu. Aliniambia hakutaka kabisa kuja kambini, na kwamba tangu wafike alikuwa anajizuia kwenda kule kichakani mpaka tumbo likamuuma.

"Mimi pia niliogopa," nikamwambia.

"Wewe? Unaonekana kama umeshafanya mambo haya mara nyingi."

Nikataka kumweleza habari ya bafu la Newtown, lakini wenzake wakamwita. Akanishukuru, akatoka. Mchana nilimwekea nafasi kwenye jiwe nililokalia kula. Alipita na kundi lake, akanipungia mkono, wakaenda kukaa karibu na kijito.

Tuliporudi Digbeth, wazazi walikuwa wamekuja na magari. Yule msichana mrefu, baba yake alimpokea begi. Nilivaa mkoba wangu nikaenda kwa miguu.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya kipindi kuanza, aligeuka kitini.

"Hujambo?" akaniuliza kwa Kiingereza chao.

"Sijambo. Na wewe?"

"Mzima."

Akageukia mbele. Ikawa hivyo kila Jumatatu mpaka mwaka ukamalizika, na mie nikawa nafika darasani mapema, nisije nikaikosa salamu ile.