Kimashine Kilipolia Mlangoni kwa Mama Mkwe

Naona aibu hata kuwahadithia, lakini chekeni tu, maana mimi mwenyewe siku ile nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa bado bibi harusi mgeni ukweni kule Sudi, mume wangu yuko Songo Songo kikazi, nami kichwani nina sarafu za kale tu, kwa sababu kwetu Kilwa Masoko ukikaa barazani hukosi kusikia fulani kaokota sarafu ya masultani, basi nikaagiza kimashine cha kutafutia vyuma ardhini, kile cha bei chee (plastiki tupu, kinalia hata kwenye kizibo cha soda).

Mama mkwe alipokwenda kwenye hitima nikasema ngoja nikijaribu hapahapa mlangoni, kisha nifagie. Kikalia! Nikachimba kwa kisu cha jikoni, nikatoa kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa, nikakichana pembeni, nikaona sarafu zenye tundu katikati, na mizizi, na kitu kama kucha. Lilikuwa fingo, lile la kulinda nyumba, na nimelifukua mimi mgeni kwa mkono wangu. Nikaanza kulirudisha harakaharaka, na ndivyo walivyonikuta, Mama na wenzake wa hitima, nimechuchumaa mlangoni nafukia hirizi.

"Shikamooni," nikasema (jamani, ulimi huu!).

"Astaghfirullah," akasema jirani yetu, Bi Zuhura. "Mkamwana anamroga mkwewe mchana kweupe!"

Nikinyamaza, mimi ni mchawi na ndoa imekwisha. Nikisema nimelikuta humo, basi Mama, anayewasomesha Kurani wanawake wote wale, ndiye mwenye fingo. Nikamtazama, naye akaangalia chini.

"Mwacheni mwanangu," akasema. "Ni langu. Nililifukia mimi."

Hakuna aliyecheka. Wakaaga mmojammoja, na siku hizi wanaokuja darasani kwake ni wachache, wala Mama hajawahi kunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Kimashine nimekiponda kwa mchi. Sichimbi tena mlangoni kwa mtu, wallahi, na darasa la Mama likianza mimi ndiye ninayekaa mkeka wa mbele, ingawa nasoma vibaya.