Mkwe Wangu na Filamu za Jumamosi

Mume wa binti yangu anaitwa Muli. Alizaliwa Tseikuru, akachunga mbuzi wa baba yake hadi alipomaliza shule, kisha akaja Malili kuendesha pikapu ya mfanyabiashara wa vitunguu. Ni mtu wa kazi. Halewi, na gari huliosha kabla ya kunywa chai. Nasema haya mapema kwa sababu watu walianza kumwita mjinga, na katika nyumba ya marehemu mume wangu, aliyekuwa mwalimu mkuu, hatujawahi kuwa na mjinga.

Kampuni moja ya kutembeza watalii ilikuwa ikitafuta madereva, na mahojiano yangekuwa kwa Kiingereza. Muli anakisoma vizuri, ila kukiongea hakuwa na mazoezi, maana vitunguu havimuulizi mtu chochote. Aliitaka kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Mbinya, binti yangu, alikuwa karibu kujifungua.

Mimi nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote. Kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa, huonyesha filamu za zamani za Marekani, zile zisizo na rangi, ambazo waigizaji wake hutamka kila neno likasikika. Ikiisha tunaijadili kwa Kiingereza. Kwa hiyo Muli alikuja, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, uso ameuelekeza dirishani. Kila nilipouliza swali, alitazama viatu vyake.

Sisi Wakamba tuna nthoni, heshima inayomzuia mwanamume kuongea uso kwa uso na mama mkwe wake, kumshika mkono au kula naye meza moja. Naifuata. Lakini nilidhani darasa ni darasa.

Jumamosi iliyofuata nilichagua filamu kwa ajili ya lugha yake nzuri. Katikati yake kijana mmoja anaketi mezani na mama wa mkewe, anamtania kuhusu upishi wake, kisha anainuka na kumbusu shavuni. Kaloki, shemasi wetu, alivua miwani akaanza kuipangusa. Muli alitoka nje na hakurudi.

Habari ilifika sokoni kabla yangu.

"Mwalimu, tumesikia mkwe wako amekimbia Kiingereza," Ndunge aliniambia huku akinipimia nyanya. "Si ungemwanzisha na a, e, i, o, u?"

Wenzake walicheka. Nililipa, nikaondoka, lakini nilifika nyumbani nikiwa nimefura. Nikamtuma Mbinya akamwambie mumewe kwamba anatuaibisha.

"Mama, kule nyumbani kwetu ananiongelesha Kiingereza mpaka nachoka," Mbinya alisema. "Wewe ndiye unayemziba mdomo. Toka humo ukumbini."

Niliumia. Ukumbi niliuomba mimi, projekta niliinunua mimi, na sasa nitoke? Hata hivyo mahojiano yalikuwa yamekaribia. Nilimwachia darasa Khamisa, mwenye duka la vitambaa, ambaye nilimfundisha mwenyewe, nami nikaenda jikoni nyuma ya ukumbi kupika chai ya wanafunzi.

Jumamosi hiyo waliirudia filamu ile ile. Kisha nikasikia sauti ya Muli, kwa Kiingereza, nene na bila haraka.

"Huyu mtu hana adabu. Kwetu, mbuzi wote wa baba yake wasingetosha kulipa faini ya aibu hiyo."

Kaloki alimjibu kwamba Marekani hakuna anayedaiwa mbuzi.

"Ndiyo maana wanabusu ovyo," Muli alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Walibishana hadi chai ikapoa. Alichanganya nyakati za vitenzi, akavunja sentensi ambazo ningezinyoosha kwa neno moja, nami nilisimama na birika mkononi, siwezi kuingia. Ningeingia, angenyamaza.

Alipita mahojiano. Sikuambiwa na yeye, hawezi. Alikuja kumchukua Mbinya, akabaki uani ameipa nyumba mgongo, akaanza kumsimulia mkewe kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni: walivyomuuliza atafanya nini mgeni akikasirika, na yeye alivyojibu. Alirudia majibu yote kwa Kiingereza, polepole, ili yanifikie.

Moja halikuwa sawa hata kidogo. Nilimwita Mbinya ndani nikamwambia amsahihishe kabla hajaanza kazi Jumatatu.

"Mama," alisema, akachukua mkoba wake, "tunaenda."