Samaki kwenye Mlango wa Mshairi

Baba yangu alijifunza baiskeli akiwa na mvi tayari, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Aliinunua kwa pamba, ile pamba ya kulazimishwa iliyotuchubua vidole sote nyumbani. Siku ya kwanza aliishika masikio kama mbuzi wa kuchinja, akapanda, akateremka nayo kilima cha Lusangi bila breki, mpaka kwenye maji ambamo akina mama waliloweka mihogo. Akatua katikati yao. Mama mmoja akamwambia, "Baba, kama ulitaka bugali ungeomba tu." Tangu hapo hakuipanda tena, aliisukuma. Mtu anasukuma baiskeli mpaka Kasongo na kurudi, ukimuuliza anasema anaizoesha njia.

Alipofariki ikaja kwangu. Shule sikuwa nayo; kwa mapadri nilikaa mpaka nikajua kusoma majina ya watakatifu, basi. Lakini baiskeli nilijua. Nikawa mtu wa kubebea watu mizigo: chumvi, samaki wakavu, mara moja jeneza, lakini hiyo ya jeneza tuiache. Ndivyo nilivyokutana na mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwungwana wa Kasongo, mtu wa msikitini, mwembamba, koti lake lina wino mwingi kuliko kitambaa. Alifundisha watoto Korani kama wenzake, ila moyo wake ulikuwa ndani ya sanduku la bati, na sanduku lilijaa barua. Si za serikali. Za washairi na mafundi wa zamani, kabla Bulamatari, serikali ya Wazungu, hajafika: watunzi, wachonga milango, waimbaji wa kaswida, watengeneza ngoma. Waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wanagombana, wanaombana wino, wanachekana. Mimi Mkristo nilidhani maandiko ya namna ile yote ni sala. Siku aliponisomea moja, ya mtengeneza ngoma analalamika kwamba ngozi aliyotumiwa ni ya mbuzi mwenye umri mkubwa kuliko yeye, nilicheka nikaangusha baiskeli na sanduku juu yake.

Sasa shida ilikuwa kwamba watu wote walidhani kama mimi. Mtu anakufa, anaacha karatasi, watoto hawajui kuzisoma. Wanaona Kiarabu, wanasema hili ni neno la Mungu. Wanagawana. Kila mmoja anaikunja yake, anaishona ndani ya ngozi, anaivaa: hirizi. Barua nyingi za wale mafundi zilikuwa shingoni mwa watu, zinazuia homa.

Basi kazi yetu ilikuwa hivi. Tunafika, mwalimu anasalimia mpaka wenyeji wanachoka kujibu, anaandika aya ya kweli, anachana ile ngozi kwa wembe, anatoa barua, anatia aya, anashona tena. Mwenye hirizi amepata Korani, mwalimu amepata barua yake, mimi nimepata kuku wa kula. Watu walifurahi. Hata bwana mkubwa wa serikali alitupa ruksa ya njia, akidhani tunatembeza dawa ya minyoo. Mwalimu hakumsahihisha.

Ikabaki moja tu iliyomnyima raha. Zamani mshairi mmoja alimwagiza fundi wa Kasongo mlango wa maua. Fundi akamchongea samaki. Mlango mzima, juu mpaka chini, samaki! Mshairi akamwandikia kwa hasira, tena kwa vina: kwa nini samaki? Barua hiyo tulikuwa nayo, tuliipata kwa wajukuu wa fundi. Jibu la fundi hatukuwa nalo. Lilikwenda kwa mshairi, na mshairi alifia kijiji cha Wamaza, na karatasi zake watoto wakagawana. Tulikwisha kuzifungua zote isipokuwa ile aliyorithi mjukuu wake mmoja, mwanamke wa huko huko Wamaza.

Njia nzima mwalimu aliongea samaki.

"Labda maua hakujua kuchonga," alisema. "Au alikuwa anamcheka. Wewe unaonaje?"

"Labda alikuwa na njaa, Mwalimu."

Akaninunia mpaka tulipovuka mto.

Mama yule alitupokea vizuri, akatupa viti na karanga. Lakini hirizi hakuivaa yeye. Ilikuwa shingoni mwa mtoto wake mdogo, amelala kwenye mkeka, surua imemtoka mwili mzima.

"Hapana, Mwalimu," mama akasema, hata kabla hatujamaliza kueleza.

"Mama, nitakuandikia aya ya kweli."

"Ya kwako imeshaponyesha nani?"

Mwalimu akakohoa. "Nikuambie wazi, mama. Humo ndani hamna Korani. Iko fundi wa mbao, anamujibu babu yako juu ya samaki."

Mama akamtazama, akacheka. "Basi samaki anaponyesha! Mbele ya huyu kuzaliwa nilizika wawili, surua hii hii, na shingoni hawakuwa na kitu. Huyu leo asubuhi amekunywa uji. Mutoto huyu atavaa hii mpaka aoe, Mwalimu. Akishaoa, muombeni bibi yake."

Akachukua mtungi, akaenda mtoni.

Mumewe alikuwa amekaa kando akimenya karanga, mtu mpole, anamheshimu mwalimu kupita kiasi. Mama alipotokomea tu, akainuka, akafungua ile kamba ya hirizi shingoni mwa mtoto, akaileta kwa mikono miwili.

"Fanya chapu, Mwalimu. Shona vile ilivyokuwa, hatajua."

Mwalimu alikuwa na wembe mkononi tayari. Aliipapasa ngozi kwa kidole gumba, na karatasi ikalia ndani, niliisikia hata mimi. Mimi ningechana, nisiwadanganye. Ningechana na kusoma hapo hapo, nami herufi zile sizijui.

Mtoto akaamka. Hakulia. Akapeleka mkono shingoni, akakosa, akaanza kupapasa mkeka.

"Chana, Mwalimu," baba yake akasema.

Mwalimu akapiga magoti. Akamvika mtoto hirizi, akafunga fundo, akafunga la pili juu yake, akaivuta kidogo kuona kama inashika. Wembe akautia mfukoni. Akachukua viatu vyake mlangoni, hakuvivaa, akatoka navyo mkononi.

"Mwalimu, sanduku!" nikapiga kelele. "Unaenda wapi? Karanga hatujamaliza!"

Hakugeuka. Alipita kando ya mpunga, akashika njia ya Kasongo, na Wamaza hakurudi tena.