Usiifungue

Mume wangu ana leseni ya redio za mawasiliano, na jamani, kwa sheria mwanamume yule simuwezi! Alinunua redio mbili za mkononi, zile za bei chee. Moja yetu hapa Boko, moja ya mama mkwe kule Madale, maana mvua ikinyesha tu mtandao wa simu unakata. Fundi aliziuza zikiwa zimefunguliwa: unaongea kwenye masafa yoyote, hata ya polisi. Mume wangu akakaa na kompyuta, akazifunga. Zisikie kote, lakini ziseme kwenye masafa tuliyoruhusiwa tu. Ya mama akampelekea na onyo juu.

"Mama, vijana wa mtaani wasije wakakudanganya. Hii usiifungue. Ikifunguliwa, nafungwa mie."

Jumamosi moja mvua ilipiga tangu alfajiri. Korongo la nyuma ya nyumba ya mama huwa linajaa, na simu yake haipatikani. Mume wangu akashika redio. "Mama, unanisikia? Mama?" Kimya. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Mama ana pumu, na yuko peke yake.

Nikamnyang'anya redio, nikatafuta masafa mengine. Nikawapata walinzi wa ghala lililo jirani kabisa na mama, wanabishana nani akanunue maandazi. Nikabonyeza. "Kaka zangu, nawaombeni, kuna mama mgonjwa hapo nyumba ya pili!" Redio ikalia pii, ikagoma. Wenzetu wakaendelea na maandazi yao.

"Si uifungue!" nikafoka.

"Kompyuta haina chaji, na umeme hakuna tangu jana."

"Haya, hizo sheria zako zikamwokoe mamako!" Nilimchukia saa ile, sifichi.

Tukawaacha watoto kwa jirani, tukachukua bodaboda, ilipokwama tukashuka tukatembea, maji ya mapajani. Tulimkuta mama amekaa juu ya meza, kifua kinalia, midomo imembadilika rangi. Redio ameikumbatia ndani ya khanga, kavu kabisa. Imezimwa.

Nikamtafutia dawa yake ya kuvuta. Mume wangu alikuwa analia waziwazi. "Mama, mbona hukuifungua?" Akasikia alichokisema, neno lile lile alilomkataza, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mama alisubiri pumzi imrudie.

"Ufungwe, baba, halafu wanao awalee nani? Mie nimeshazeeka."