Kidole Kilichobanwa na Mlango

Mimi ni fundi cherehani, ni kiziwi tangu nina miaka miwili, na nina wivu. Hilo la tatu nalisema mapema kwa sababu watu huniambia linaonekana usoni hata nikiwa natunga uzi kwenye sindano.

Ninayemwonea wivu ni dada yangu, tumbo moja. Yeye anasikia. Lugha ya ishara aliipata kwangu, kwa kuitazama mikono yangu jikoni, njiani, hata kitandani tukigombania shuka. Alipokua akaenda chuo cha ualimu akarudi na cheti, mimi nikabaki na cherehani. Hapo sikuwa na neno. Kila mtu na fungu lake.

Kisha walimu saba wakakutana chumbani kwangu, wamekalia majora ya vitambaa, wakaunda chama cha walimu wa lugha ya ishara. Chumba changu, chai yangu, na walipobishana juu ya ishara fulani waliniuliza mimi, nikawaambia hii ndiyo, hii mmeibuni nyie. Walipofika kwenye katiba wakaandika kwamba mwanachama lazima awe na cheti cha ualimu. Aliyeshika kalamu ni dada. Hakunitazama.

Miaka ishirini nimekila chama hicho kwa macho. Dada mwenyekiti, dada kwenye picha na wakubwa, dada redioni, ambako hata nikitaka simsikii. Sare zao za bluu nashona mimi. Kola yake niliipiga pasi mara mbili huku nikiiombea ikunjane akiwa jukwaani.

Mwezi uliopita chama kilitimiza miaka ishirini, wakatoa kitabu cha historia yake. Nilikaa safu ya mwisho ukumbini nikakifungua kulitafuta jina langu. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na methali: kidole kimoja hakivunji chawa. Nikapekua hadi mwisho. Mpiga picha ameshukuriwa. Aliyekodisha viti ameshukuriwa. Mimi, hata kwa kusingiziwa tu, simo. Roho iliniuma mpaka nikakifunga kitabu niondoke zangu.

Ndipo wote wakasimama kula kiapo chao. Ishara yetu ya "fundisha" hutaka vidole vyote vinyooke, kisha mikono isogee mbele. Walimu mia mbili walisogeza mikono yao, na kwenye kila mkono wa kulia kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Nikakitazama changu. Hakijanyooka tangu nina miaka sita, siku dada alipoubamiza mlango kwa hasira tukigombania gauni. Mama aliambiwa ni upepo. Tangu hapo ishara ile sijawahi kuifanya sawasawa, naye dada aliiiga vilevile ilivyo, akaenda kuwafundisha wenzake.

Nikamgusa bega binti aliyesimama mbele yangu. "Mbona mnakipinda kidole?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mama," akanijibu kwa mikono, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgeni. "Usipokipinda unafelishwa mtihani."

Nilimkuta dada nyuma ya jukwaa, amevua viatu.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Mwaka wa tatu wa chama walitaka tukinyooshe. Nikawakatalia."

"Na jina langu je?"

Alisogeza viatu kando. Halafu mikono yake ikainuka. "Ningekuandika, mdogo wangu, wangetaka kujua kidole kilipindaje. Mama amekufa akijua ni upepo."

Machozi yalimtoka. Yangu hayakutoka. Wivu haukuniisha pia, msije mkadhani. Hata kulia kwake nilikuonea wivu, kwamba yeye kalia kwanza. Nilichomoa kalamu kwenye mfuko wa sare yake, mfuko niliouweka kwa mkono wangu, nikamfungulia kitabu ukurasa wa kwanza, chini ya ile methali.

"Andika," nikamwambia. "Anza na mlango."