Rangi Ndani ya Mwili wa Kioo

Mwaka wangu wa mwisho shuleni, Malindi, katika miaka ya themanini, niligeuka kuwa macho ya mwalimu wangu wa bayolojia. Alikuwa mama wa makamo kutoka bara, na mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunga macho yote mawili. Darasani alificha. Mimi niligundua siku aliponisalimu kwa jina la mwenzangu.

Jumamosi moja aliniita maabara. Alikuwa amechemsha hamira katika rangi nyekundu ambayo ikikutana na asidi hugeuka buluu. Kwenye kioo cha hadubini aliweka tone la maji ya kidimbwi, lenye viumbe wa seli moja, umbo lao kama kandambili.

"Wataila hamira," alisema. "Rangi itatuonyesha ndani mwao mna uchachu kiasi gani, nao wangali hai. Lakini mimi sioni, mwanangu. Utaniambia."

Niliinama. Sijui nilikaa pale muda gani. Mmoja wao alitulia penye nuru kama aliyesinzia. Punje nyekundu zilimezwa, zikafungwa katika viputo, na viputo vikazunguka polepole ndani ya mwili ule wa kioo kama mahujaji wanaotufu, wakiizunguka Kaaba. Kelele za nje zilinipotea. Nilijihisi nami nimo mle, naelea.

"Rangi gani?"

Kitabu chetu cha bayolojia kilisema buluu, na mwalimu alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa hamu. Mimi niliona zambarau.

"Buluu, mwalimu."

"Unaiona, au umeisoma?" akauliza.

Uso ulinichoma kwa haya. "Ni zambarau. Niwie radhi."

"Basi linganisha."

Alikuwa amepanga vichupa vya rangi ileile, kila kimoja na uchachu wake unaojulikana, kuanzia kile chenye uchachu mkali zaidi. Nikavinyanyua dirishani kimoja kimoja. Cha nne kilikuwa zambarau yangu hasa. Niliporudi kutazama, kiputo kilekile kilikuwa kimeingia buluu, sawa na kichupa cha pili. Kumbe uchachu ulikuwa ukizidi mbele ya macho yangu, nami nilikaribia kuupoteza kwa neno moja.

"Endelea," alisema. "Usiache hata rangi moja."

Nilimsomea rangi mpaka adhana ya alasiri.

Muhula ulipokwisha alirudi kwao, akapasuliwa jicho la kulia. Barua yake ya kwanza aliiandika mwenyewe, mistari ikipanda na kushuka. Aliuliza kama nimepata nafasi ya kusomea ufundi wa maabara. Nilikuwa nimeipata.