Matawi Mekundu Niliyoyaokota Barabarani

Ilianza Jumapili moja ya mwezi wa kumi, mwaka jana, saa nane na robo mchana. Saa naijua kwa sababu Miss, mwalimu wetu, aliitazama saa yake ya mkononi akasema tutakaa hapo nusu saa, kisha tugeuze gari. Katika nusu saa ile nilifanya jambo ambalo mtu mwingine analilipa mpaka leo kwa mguu wake. Nimekosa. Naanza na neno hilo, maana nikianza na sababu nitajitetea mpaka karatasi iishe.

Msomaji, jina langu sitaliandika, na majina ya wengine nimeyabadili. Jua tu kwamba nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha pili katika shule ya bweni huku juu, upande wa Igowole, na kwetu ni Mbalizi, ambako baba ana duka. Wazee wake walitoka pwani. Shuleni wenzangu ni Wahehe, Wabena na Wanyakyusa, na jioni wakikaa vitandani kila mmoja humpata wa kusema naye kwa lugha ya nyumbani. Mimi lugha ya nyumbani ni hii hii ninayoandika, ambayo wao huitumia darasani na dukani.

Tena nina haya. Nikiulizwa kitu, jibu hunijia aliyeuliza akiwa ameshaondoka. Tumpe, msichana wa Tukuyu aliyekuwa akilala kitanda cha jirani yangu, ndiye aliyenipa jina la Bi Kimya, na shule nzima ikalipokea.

Sasa nikueleze safari ya majani.

Shuleni kwetu ni baridi na ukungu, miti ya miyombo haioti. Kuiona ni lazima ushuke kwa gari, ufuate barabara kuu ya kwenda Iringa. Mwezi wa kumi, mvua hazijaanza na nyasi zimeungua zote, miyombo hutoa majani machanga, na majani hayo si ya kijani. Ni mekundu kama pilipili iliyoiva, mengine rangi ya shaba, mengine kama zambarau changa. Mlima mzima unaonekana unawaka na moshi hauuoni. Miss, mwalimu wetu wa Kiingereza, alikuwa akienda kuyatazama kila Jumapili ya mwezi ule kwa gari lake dogo, na kila safari alichukua msichana mmoja, kwa zamu.

Zamu yangu ilipofika, Tumpe alikuwa akisuka nywele za mwenzake mlangoni. Akasema kwa sauti ya kusikika bweni zima, "Haya, leo anakwenda Bi Kimya. Akirudi tutasimuliwa nini? 'Nimeona miti.' Basi."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Labda miti ndiyo itamsimulia yeye."

"Bi Kimya," Tumpe akaniita nilipokuwa nimeshapita, "tuletee hata tawi moja basi, lijisimulie lenyewe."

Alikuwa akitania tu. Lakini mimi nililichukua neno lile nikashuka nalo mlima wote. Niliona kwamba nikirudi na majani mikononi, sitahitaji kusema kitu. Watakuja wenyewe.

Gari lilipofika kwenye mteremko mrefu tukakuta matawi yamelazwa barabarani, moja moja, halafu makubwa zaidi. Miss akapunguza mwendo. Kwenye kona tukakuta lori limesimama upande wa kupandia, limejaa magunia, gurudumu moja la nyuma limefunguliwa, na mtu amelala chini yake miguu nje. Alipotoka nikamjua. Ni Abdala, dereva anayemletea baba bidhaa kutoka Iringa. Tangu nikiwa mdogo nimemwita ami, kama ndugu wa baba.

"Alaa, huyu si binti yetu wa Mbalizi?" akasema, akijifuta mafuta mikononi. "Ekseli imekatika, mama," akamwambia Miss. "Mwenzangu amepata lifti kurudi mjini kutafuta nyingine. Mimi na magunia yangu tupo hapa mpaka kesho labda. Lakini wewe binti, hata shikamoo hakuna? Siku hizi mnasoma Kizungu, salamu zimekwisha?"

Nilitabasamu nikaangalia chini. Shikamoo sikuitoa, niliona haya kwa sababu Miss alikuwa ananitazama. Abdala akacheka, akatupungia mkono, tukapita.

Upande wa chini wa lori, hatua kama mia hivi, kulikuwa na matawi mengine, ya kuwaonya wanaotoka Iringa. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye duka la barabarani anajua maana yake. Hakuna dereva anayeyagusa mpaka gari lililoharibika liondoke, na anayeondoka huyaondoa mwenyewe. Mimi nimepanda malori kabla sijajua kusoma. Siwezi kusema sikujua.

Miss alisimamisha gari mbele kidogo ya matawi hayo, palipo na jiwe kubwa la kutazamia bonde. Hapo ndipo alipoitazama saa. Tukapanda juu ya jiwe. Bonde lote lilikuwa jekundu mpaka macho yanapokoma. Miss akaniambia kwamba kwao Ulaya watu huendesha magari kutwa nzima kwenda kutazama majani kama haya, na kwamba mama yake alikuwa akimpeleka kila mwaka.

"Lakini kwetu majani huwa mekundu yanapokufa," akasema. "Haya ndiyo kwanza yanazaliwa. Mwaka wangu wa kwanza hapa sikuamini."

Sauti yake ilishuka. Nikajua kwamba na yeye hana wa kusema naye.

Baadaye nikamwomba ruhusa ya kuvunja tawi moja dogo. Akakataa kwa upole. Majani ya kutazama, akasema, si ya kuvunja, na hivyo ndivyo alivyowaambia wote waliotangulia. Akafungua karatasi zake za kuchora akanipa mgongo.

Nikashuka barabarani. Nikayaona matawi ya Abdala. Alikuwa ameyakata kwenye miyombo ya pale pale kando, mekundu, mazuri kuliko yote, na yalikuwa yameshakatwa. Nikajiambia kwamba haya sikuyavunja mimi. Nikajiambia kwamba magari ya barabara ile ni machache, kwamba bado ni mchana, kwamba lori ni kubwa na kila mtu ana macho. Nikaokota manne. Nikabakiza moja, dogo, katikati ya barabara, ili moyo wangu upate la kusema. Yale manne nikayaficha nyuma ya kiti, chini ya shuka langu.

Tuliporudi tulimpita tena Abdala. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori anakula mhogo wa kuchoma.

"Mmeyaona majani?" akauliza.

"Tumeyaona, asante," Miss akajibu.

Matawi yake yalikuwa yanagusa kisigino changu. Ningesema neno moja tu, gari lingegeuka. Nikatazama magoti yangu mpaka kona ikaisha.

Bwenini mambo yakawa kama nilivyoyaota. Niliyatia matawi kwenye debe la maji nikaliweka dirishani, na wasichana wakaja mmoja mmoja, kisha wote. Tumpe alikaa kitandani kwangu. Kwangu, ambako hajapata kukaa.

"Miss amekuruhusu?" akauliza.

"Ameniruhusu," nikasema. Siku hiyo jibu lilikuja haraka.

"Kumbe Bi Kimya ana siri zake na Wazungu," akasema, akanipiga bega. Mwenzake akachukua jani akalibandika sikioni kama kipuli. Nikacheka nao. Nakuambia kweli, msomaji, sijawahi kuwa na saa nzuri kama ile hapa shuleni, na ndiyo inayoniuma zaidi, maana nikiikumbuka bado naitamani.

Jua lilipokuwa limeshazama tukaitwa kula. Ugali ulikuwa haujapakuliwa. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni, kanga yake ameishika mdomoni. Alisema gari la shule limepata ajali kwenye mteremko.

Dereva wa gari letu alikuwa Mzee Kaduma. Kila Jumapili alirudi kutoka Iringa na unga wa shule. Wasichana wote aliwaita wake zake, kwa utani wa babu, na mimi aliniita mke mdogo. Alikuwa mtu pekee ambaye akiniuliza kitu alisubiri. Alizima hata injini ili anisikie.

Alikuwa anapanda mteremko na jua la jioni likimpiga usoni. Alipolitambua lori alikuwa ameshalifikia. Gari likaingia chini ya magunia, mguu wake ukabanwa. Abdala ndiye aliyemtoa, akamsimamishia gari la kumpeleka hospitali Iringa.

"Na huyo mwenye lori ameshikwa," mpishi akasema. "Polisi wanasema hakuweka majani upande ule. Yeye anaapa aliweka. Wameangalia, kuna kijitawi kimoja tu, wanasema kimeangushwa na upepo."

Tumpe akasonya. "Waongo hao madereva Waswahili. Analala usingizi, anaacha watu wafe, halafu anaapa." Kisha akanitazama, akakumbuka wazee wangu walitoka wapi. "Si wewe, Bi Kimya. Wewe ni wa kwetu sasa."

Hilo ndilo neno nililolitafuta tangu niingie shule hii. Nililipata siku hiyo, kwa bei hiyo. Matawi yalikuwa dirishani, wote wameyaona, na hakuna aliyefikiri.

Usiku sikulala, na sitakuchosha na habari zake. Nilipima mambo mawili tu. Nikisema, nitarudi kuwa peke yangu, safari hii kwa haki. Nikinyamaza, ami Abdala atafungwa na kunyang'anywa leseni, na nyumbani kwake namjua mkewe na watoto wake wanne.

Yaliyofuata baadaye nakueleza kwa kifupi. Mguu wa Mzee Kaduma uliungwa ukapinda. Haendeshi tena, analinda lango la shule kwa fimbo, na nikipita haniiti mke mdogo. Si kwamba amenuna. Ananiitikia salamu kama anavyomwitikia mgeni. Baba alikuja kutoka Mbalizi, akaenda kwake kumwomba radhi, akarudi bila kuniuliza hata neno. Tumpe alihamisha kitanda. Mwaka huu miyombo imetoa majani tena, na Miss hajakwenda.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi mnaokaa peke yenu pembeni mkitamani kuitwa, msinunue kupendwa kwa kitu cha mtu mwingine. Na mkiona tawi barabarani, hata liwe zuri namna gani, liacheni. Aliyeliweka ameacha hapo neno, na neno hilo si lenu. Mimi niliyeshindwa kusema nililiondoa la mwenzangu aliyekuwa amesema.

Asubuhi ya Jumatatu ile, siku ya pili ya ajali, kabla ya kengele, niliyatoa matawi kwenye debe. Yalikuwa yameanza kulegea. Tumpe akaniuliza kutoka kitandani, "Unayapeleka wapi majani yetu?" Nikatoka nayo.

Mbele ya ofisi alikuwepo Miss, na sajenti aliyekuja kuandika habari za gari la shule, na Abdala, aliyeletwa na sajenti chini ya ulinzi, amekaa kwenye ngazi, shati lake lina damu ya Mzee Kaduma. Nilitembea mpaka mbele yao. Nikayalaza matawi kwenye ngazi, moja moja, kama alivyoyalaza yeye.

"Aliweka," nikasema. "Mimi niliyaokota."

Miss aliyajua majani kabla ya maneno. Alishika ukuta. Sajenti akaniambia niseme tena, nikasema tena, kwa sauti, mpaka wasichana waliokuwa wanachota maji wakageuka.

Abdala aliinua tawi moja, akalitazama mahali panga lilipokata, akampa sajenti. Mimi nilikuwa bado nimesimama, na nilikuwa bado nina deni la jana mchana. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, ami," nikasema.

Alilitazama tawi mkononi mwa sajenti. Halafu akaitikia, "Marahaba," bila kunitazama, nami nikainuka nikaenda darasani.